Siku 533,265
Kusini ya Jambiani, kwenye pwani ile ile ya mashariki ya Unguja, Makunduchi hukoga mwaka, yaani huukaribisha mwaka mpya, kila Julai. Wanaume hupigana kwa migomba, kibanda cha makuti hutiwa moto, wanawake huimba. Kelele hizo huficha hesabu kongwe sana.

Mwaka huo ni wa Nairuzi, uliofika na mabaharia wa Bahari ya Hindi kutoka Uajemi. Una siku 365 kamili, nao huhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi: miongo 36, kisha siku tano za ziada.

Mvuvi wa Jambiani alihitaji hesabu mbili. Mwezi ulimwambia habari za maji, bamvua linapojaa na linapokupwa hadi mwambani. Lakini kusi na kaskazi hazifuati mwezi. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani huzunguka misimu yote. Kwa upepo na mvua, ilibidi kuhesabu miongo.

Namba 365 ni kaidi. Wakati 360 ina vigawanyo 24, hii ina vinne tu: 1, 5, 73 na yenyewe. Lakini ina uzuri wa ajabu: jumlisha mraba wa 10, wa 11 na wa 12, utaipata; jumlisha mraba wa 13 na wa 14, utaipata tena. Na kwa kuwa ni wiki 52 na siku moja, Siku ya Mwaka ikiwa Jumatatu, ijayo itakuwa Jumanne, bila kukosa.

Tatizo ni robo. Jua hutaka siku 365 na karibu robo, na Nairuzi haina mwaka mrefu. Kila miaka minne hurudi nyuma siku moja. Kila miaka 40, mwongo mzima. Mwongo aliopandia babu haukuwa tena wa mjukuu, na wazee walilazimika kuisahihisha elimu hiyo kizazi baada ya kizazi. Hapo ndipo ilipo kazi yao kubwa, na haijasifiwa vya kutosha. Kurudi nyuma huko kunaonekana katika tarehe: nahodha Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyepanga safari kwa siku za Nairuzi mnamo 1490, aliuanza mwaka wake Novemba. Karne ya 19, Unguja iliuanza mwishoni mwa Agosti.

Mzunguko mzima ni siku ngapi? Zidisha kwa nne: 365 huwa 1460, na 365 na robo huwa 1461. Namba zinazofuatana hazina kigawanyo cha pamoja isipokuwa 1, kwa hiyo hakuna njia ya mkato: miaka 1461 ya Nairuzi ndiyo miaka 1460 ya jua, yaani siku 533,265. Vigawanyo vyake tasa ni 3, 5, 73 na 487. Wamisri wa kale, wenye mwaka wa siku 365 vilevile, walikuwa na mzunguko huu huu. Kwa kuwa robo ya jua ni pungufu kidogo, safari halisi hupita miaka 1500.

Hesabu ikiachwa bila kuguswa, baada ya karibu miaka mia moja Makunduchi itakoga mwaka mwezi wa Juni.