Jicho la karani wa majani chai: tunavyouona wastani kabla ya kuhesabu

Nyamache iko Bobasi, kaunti ya Kisii, huko milimani kwenye baridi. Sisi wa pwani tunaweza kudhani haituhusu, kumbe chai inayosagwa katika kiwanda cha Nyamache, kilicho chini ya KTDA, njia yake ya sokoni ni mnada wa hapa Mombasa. Nilipofika huko kilichonivutia zaidi ni kituo cha kununulia majani.

Mkulima huja na kapu mgongoni, akayamwaga majani mezani. Yanayotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Kapu moja lina vikonyo vingi mno, na nani atavihesabu na watu wamepanga foleni? Karani hutupa jicho, akapekua kidogo, akasema: haya mazuri, au, mama, chambua kwanza, mengi yamekomaa. Mgeni atadhani anabahatisha. Habahatishi.

Mwaka 2001 mtafiti Dan Ariely aliwaonyesha watu maduara ya ukubwa mbalimbali kwa muda mfupi tu, kisha akayaondoa. Walipoulizwa kama duara fulani lilikuwemo, walikwama. Walipoulizwa kama ni kubwa au dogo kuliko wastani wa yale waliyoyaona, wakajibu vizuri. Yaani duara moja moja limeshapotea akilini, wastani umebaki! Mwaka 2003 Sang Chul Chong na Anne Treisman wakaonyesha kuwa hata sehemu ya ishirini ya sekunde yatosha. Mwaka 2007 Jason Haberman na David Whitney wakakuta ni vivyo hivyo kwa nyuso: mtu hutambua mara moja kama kundi, kwa jumla, lina furaha au huzuni. Khatibu aliyezoea mimbari hahitaji kuambiwa hilo.

Sababu yake ni uchache wa nafasi. Jicho huona kwa uwazi kamili eneo dogo tu, kama ukucha wa kidole gumba ukiunyoosha mkono. Akili nayo hushika vitu vitatu vinne tu kwa mara moja. Vilivyobaki hufupishwa: ukubwa wa wastani, rangi ya wastani, basi.

Lakini ufupisho huu una matundu mawili. Kwanza, vitu vikubwa na vya kuvutia huyavuta makadirio upande wao. Pili, jicho hukadiria kile linachokiona tu, na cha chini halikijui. Muuza nyanya wa Kongowea hakusomea haya chuoni, lakini angalia anavyolipanga fungu lake: kubwa nyekundu juu, zile nyingine Mungu anajua. Sahih Muslim imepokea kwamba Mtume (SAW) alipita penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akamuuliza mbona hakuiweka ile mbichi juu watu wakaiona. Wanazuoni wengi wanajuzisha kuuza chungu kwa kuiangalia bila kuipima, ila kuficha ndiko kulikokatazwa.

Ndiyo maana naona mkono wa karani una kazi kubwa kuliko jicho lake. Mizani itasema kilo ngapi, haitasema majani ya namna gani. Na majani yakishapita hapo huchanganywa ya wote, kiwanda kikauza chai moja, na bonasi ya mwaka hulipwa kwa kiwango kimoja cha kilo. Aliyeficha majani magumu chini ya kapu hakumpunja karani, amempunja jirani yake aliyeamka alfajiri kuchuma vizuri. Ningekuwa mkulima wa Nyamache ningedai meza iwe pana na majani yatandazwe membamba, jicho liyaone yote, kabla hayajatiwa guniani.