Punguzo la kutodai bima katika ajali yenye ubishi

Punguzo la kutodai ni sehemu ya ada ya bima ya gari ambayo kampuni humwachia mteja aliyemaliza mwaka bila kudai fidia. Hupanda mwaka hadi mwaka mpaka kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba, na hushuka au kufutika dai linapolipwa. Nchini Kenya huambatana hasa na bima kubwa, ile inayolinda gari la mteja mwenyewe pamoja na madhara kwa watu wengine. Bima ndogo ya mtu wa tatu, ambayo waendesha bodaboda wengi hukata, kwa kawaida haina punguzo.

Wenye magari wengi huliona punguzo hili kama tuzo ya udereva mzuri. Sivyo linavyofanya kazi. Kampuni hutazama kama pesa zake zimetoka na kama zimerudi. Ikilipa fundi kisha ikarudishiwa fedha zote na upande uliokosea, punguzo hubaki. Isiporudishiwa, mteja huhesabiwa kuwa amedai, hata kama hakuwa na kosa lolote. Kwa hiyo, wakati ubishi haujaamuliwa na siku ya kukata bima upya imefika, kampuni nyingi hulihesabu dai lililo wazi kama dai kamili na kulizuia punguzo. Ubishi ukiisha kwa faida ya mteja, ana haki ya kuomba ada ikokotolewe upya na arudishiwe alichozidishiwa. Ni wachache wanaokumbuka kuomba, na hilo ni hasara ya bure.

Mukuru kwa Reuben, wadi ya eneo bunge la Embakasi Kusini inayopakana na Eneo la Viwanda la Nairobi, huonyesha vizuri kwa nini ubishi wa namna hii huwa mgumu kumaliza. Asubuhi wafanyakazi hutembea kwa miguu kuelekea viwandani, wakipishana na malori, bodaboda, mikokoteni na meza za wauzaji zilizosogea hadi ukingoni mwa njia. Bodaboda ikichuna ubavu wa pikapu, nani alimwingilia mwenzake? Dakika za kwanza mashahidi ni tele, kisha kila mtu anakwenda kazini. Anayepiga picha kabla magari hayajasogezwa na kuchukua nambari za simu za watu wawili watatu, huwa ameshafanya sehemu kubwa ya kazi ya wakili.

Abstrakti ya polisi ni lazima katika madai mengi, lakini haiamui kosa. Huthibitisha kwamba ajali iliripotiwa, hutaja magari na bima zake, na mara nyingi huandikwa tu kuwa uchunguzi unaendelea. Ushahidi ukikosekana kabisa, mahakama hugawa lawama: mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilishikilia kwamba pale isipowezekana kujua ni dereva yupi alikosea, wote wawili hubeba lawama sawa. Kwa mwenye punguzo, nusu hiyo inatosha kumponza, maana nusu ya gharama imebaki mikononi mwa kampuni yake.

Kuna tatizo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Bima ya lazima chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inahusu kifo na majeraha ya mwili. Bampa iliyovunjika haimo, isipokuwa mkataba wa aliyekosea umeongeza ulinzi wa mali. Basi hata ubishi ukiisha na mwendesha bodaboda akakiri, huenda pasiwe na mfuko wa kurudishia fedha, na punguzo likapotea vivyo hivyo.

Ndiyo maana hesabu hutangulia dai. Tuseme ada kamili ni shilingi 50,000 na mteja ana punguzo la asilimia 40, analipa 30,000. Matengenezo ni 25,000, na mkataba unamtaka abebe 15,000 za kwanza. Akidai atapata 10,000, kisha mwaka unaofuata huenda akapoteza 20,000. Hapo ni afadhali atengeneze kwa mfuko wake.

Kutodai, hata hivyo, hakumwondolei wajibu wa kutoa taarifa. Kusuluhishana papo hapo ni desturi ya mtaani na mara nyingi ni busara, lakini aliyeumia ana miaka 3 ya kufungua kesi. Barua ya wakili ikifika miezi baadaye na kampuni haikuwahi kuambiwa, inaweza kumgeukia mteja wake kwa kuvunja mkataba. Taarifa ya maandishi inayosema wazi kwamba mteja anaripoti tu na hadai matengenezo humlinda pande zote mbili.

Ubishi wa uharibifu wa mali usiozidi shilingi milioni 1 unaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021. Sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Hukumu yake, ikiambatana na risiti za malipo yaliyorudishwa, ndiyo karatasi ya kupeleka kwa kampuni punguzo linapodaiwa upya. Kampuni ikikataa bila sababu, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima.