Usafi wa jikoni Diani: Cheti ukutani hakitoshi

Katika mikahawa ya Diani, Kaunti ya Kwale, mlo mmoja hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika mezani. Samaki aliyevuliwa Msambweni au Shimoni husafirishwa hadi Ukunda, akakatwa na mtu mmoja, akapikwa na mwingine na kupakuliwa na wa tatu. Kosa la mmoja wao laweza kuwalaza hospitalini wateja wa ukumbi mzima.

Jukumu la kuzuia kosa hilo ni la maafisa wa afya ya umma, ambao wananchi wengi huwaita mabwana afya. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula.

Maafisa hao hutegemea hasa Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Hoteli ya kitalii yenye bufe na kibanda cha viazi karai kando ya barabara zote zinabanwa na sheria hizo.

Ukaguzi huanza na jengo lenyewe: sakafu inayooshika, madirisha yasiyopitisha nzi, mahali pa kunawia mikono penye sabuni, vyoo safi na namna taka zinavyoondolewa. Kisha hutazamwa ghala, majokofu na mbao za kukatia. Kisu kilichokata kuku mbichi hakipaswi kukata kachumbari kabla ya kuoshwa.

Hata hivyo, jiko linaweza kumeremeta na chakula chake kikawa na sumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu kwa zaidi ya saa mbili, na kwamba chakula cha moto kidumishwe juu ya nyuzi 60 za Selisiasi hadi kitakapoliwa. Kati ya nyuzi 5 na 60, bakteria huzaana upesi, na joto la Pwani limo humo humo mwaka mzima.

Wali ulioachwa sufuriani usiku kucha ni mfano mzuri. Bakteria aina ya Bacillus cereus wanaweza kuacha humo sumu isiyoharibiwa na moto, hivyo kupasha kiporo hicho asubuhi hakukifanyi kiwe salama. Wali unaokusudiwa kuliwa baadaye hauna budi kupoozwa haraka na kuwekwa kwenye jokofu.

Jodari na vibua nao huhitaji barafu tangu wanapotolewa baharini. Wakikaa juani, hujijenga ndani yao kemikali ya histamini, ambayo humletea mlaji wekundu wa ngozi, maumivu ya kichwa na kuharisha. Kuwakaanga hakuiondoi.

Maji pia yanahitaji kuangaliwa. Sehemu kubwa ya ukanda huo imelala juu ya miamba ya matumbawe, ambayo hupitisha maji kwa wepesi. Choo cha shimo kilicho karibu na kisima kinaweza kuyachafua maji yanayoonekana maangavu. Kwa sababu hiyo, barafu ya vinywaji na maji ya kuoshea matunda yanapaswa kutoka kwenye maji yaliyotibiwa.

Kuhusu wafanyakazi, kila anayeshika chakula hutakiwa kupimwa na kuwa na cheti cha afya kinachodumu miezi sita. Mnamo Julai 2017, baada ya kipindupindu kuwapata watu waliohudhuria mikutano katika hoteli za Nairobi, Wizara ya Afya ilifuta vyeti vya wahudumu wa vyakula na kuagiza wapimwe upya.

Vipimo hivyo vina sababu. Mtu anaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo bila kuugua. Mary Mallon, mpishi wa New York nchini Marekani, alitambuliwa mwaka wa 1907 kuwa ameziambukiza familia kadhaa alizozipikia, ilhali mwenyewe alikuwa mzima. Aliachiliwa kutoka karantini mwaka wa 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Kazi ya dobi haikumlipa kama upishi, na mwaka wa 1915 alipatikana akipika katika hospitali ya wajawazito.

Kisa hicho kina funzo kwa waajiri wa Diani. Cheti huonyesha hali ya mhudumu siku alipopimwa. Hakisemi lolote kuhusu tumbo lililomwanza jana. Kibarua anayelipwa kwa siku, tena katika msimu wa watalii ambao ndio wa kuchuma, ana kila sababu ya kuficha kuharisha kwake. Akirudishwa nyumbani bila malipo, wenzake hujifunza kunyamaza.

Mwenye mkahawa anayemlipa mgonjwa hata sehemu ya ujira wake ili apumzike hutumia fedha kidogo kuliko atakazopoteza biashara ikifungwa. Bwana afya hawezi kumfanyia kazi hiyo, kwa kuwa hufika kwa saa chache na kuondoka.

Mteja naye ana haki. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na afya na usalama wake kulindwa. Anaweza kuuliza samaki aliwekwa wapi tangu asubuhi, kukataa chakula kilicho vuguvugu na kuangalia kama anayepokea pesa ndiye anayeshika chapati kwa mkono ule ule. Akiugua baada ya kula, aende hospitalini mapema na aiarifu ofisi ya afya ya umma iliyo karibu, ili chanzo kitafutwe kabla ya wengine kuketi kwenye meza hiyo.