Mwenye Maneno na Karatasi Yake: Kujitetea Mahakamani katika Katanga

Katika Kiswahili neno «maneno» lina maana mbili zisizoachana: ni usemi, na pia ni ugomvi. Mtu aliyekosana na jirani yake «ana maneno» naye, na maneno hayo hayaishi mpaka yasemwe. Lugha yenyewe basi yashuhudia kwamba shauri dogo, kama vile deni la fedha chache, mahari isiyotimia au kodi ya nyumba, lilihesabiwa kuwa jambo la kinywa cha mwenyewe. Historia ya mahakama katika Kongo yaonyesha jinsi kinywa hicho kilivyokutana na karatasi.

Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ilizipanga mahakama za wenyeji kwa amri ya tarehe 15 Aprili 1926. Amri hiyo ilizitambua mahakama za machifu, ikaweka juu yake nyingine za sekta na za teritwari. Waamuzi walifuata desturi, mradi isipingane na amani ya umma. Katika kijiji jambo hilo halikuwa geni: mdai alisimama mbele ya wazee, akaeleza kisa chake, mdaiwa akajibu, mashahidi wakaitwa. Methali iliyotumiwa mahali pake iliweza kuwa na uzito kama ushahidi.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Amri ya tarehe 23 Novemba 1931 iliunda vituo vya wenyeji wanaoishi nje ya tawala za machifu wao, na Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966, ulikuwa na kituo cha namna hiyo. Humo walikutana Waluba, Wabemba, Walunda, Wasonge na wengine walioletwa na kazi za migodi na reli. Hakimu alipaswa kujiuliza: desturi ya nani ifuatwe? Na mdai alipaswa kujiuliza: niseme kwa lugha gani? Jibu la swali hili la pili lilikuwa mara nyingi Kiswahili, lugha ambayo wengi wao hawakuizaliwa nayo bali waliipata kazini na mitaani. Mtu aliyezoea kuwavuta wazee kwa methali za kwao alijikuta akitafuta njia nyingine ya kuaminiwa. Tangu hapo kukijua Kiswahili vizuri hakukuwa pambo tu. Kulikuwa kinga ya mali na heshima ya mtu.

Lakini kando ya hakimu aliketi karani. Mwaka 1933 mwanasheria Antoine Sohier alianzisha katika mji huo jarida la mahakama za wenyeji na sheria ya desturi, na hukumu nyingi zilichapwa humo kwa Kifaransa. Hazina hiyo ni kubwa kwa mtafiti. Hata hivyo msomaji hukuta humo uamuzi na sababu zake; sauti ya mwanamke aliyedai haki yake asubuhi nzima haimo. Alijitetea kwa Kiswahili, akahifadhiwa kwa lugha nyingine.

Baada ya uhuru mpango ulibadilika polepole. Mahakama za amani ziliwekwa katika sheria ya mwaka 1968, na sheria ya mwaka 1982 ikaziacha mahakama za desturi ziendelee pale ambapo zile za amani hazijafunguliwa. Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 ilipanga upya ngazi zote. Kuhusu mashauri ya madai, amri ya tarehe 7 Machi 1960 yamruhusu mtu kufika mwenyewe au kuwakilishwa na wakili. Mlango basi uko wazi kwa asiye na fedha za kumlipa wakili.

Ugumu uko ndani ya mlango. Katiba ya mwaka 2006 yakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini lugha rasmi ni Kifaransa. Barua ya wito, kumbukumbu za kikao na hukumu huandikwa kwa lugha hiyo. Mtu aweza kusema vizuri mbele ya hakimu, kisha akashindwa kusoma kilichoandikwa juu yake. Akitaka kukata rufaa katika shauri la madai, ana siku 30 tangu kuarifiwa rasmi hukumu. Kama hakuelewa karatasi aliyopewa, siku hizo hupita naye akidhani kwamba bado anangoja.

Kwa hiyo anayejitetea hufanya kazi mara mbili, kwa kinywa na kwa karatasi, na ni ile ya kwanza tu iliyo katika lugha yake. Hapa wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu ulio wazi: kukusanya msamiati uliotumiwa na unaotumiwa katika mabaraza ya Katanga, kama vile «kusambisha» kwa maana ya kuamua kesi, kuulinganisha na ule wa sheria iliyoandikwa, na kutoa maelezo mafupi ya wito, ushahidi, hukumu na rufaa ambayo mwenye maneno aweza kuyasoma kabla ya kuingia mahakamani.