Mawasiliano ya vijana, Jinja na Mbale

Mawasiliano ya vijana wa Jinja na Mbale ni namna vijana wa miji hiyo ya mashariki mwa Uganda wanavyopashana habari na kujumuika, ana kwa ana na kwa simu. Jinja ni eneo la Kisoga, Mbale la Kigisu. Kiganda na Kiingereza huingia katika ujumbe uleule wa WhatsApp. Redio za FM bado zina wasikilizaji wengi. Msimu wa imbalu, tohara ya Wagisu ya miaka shufwa, ngoma ya kadodi huwakusanya vijana barabarani, na picha zake huwafikia jamaa walio mbali.

Kizuizi kikubwa ni gharama. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, kodi iliyowaelemea zaidi wasio na kipato. Wengi wakakimbilia VPN ili kuikwepa. Julai 2021 kodi hiyo ilibadilishwa kuwa ushuru wa asilimia 12 wa data, isipokuwa ya huduma za afya na elimu. Kizuizi si gharama pekee: wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini kote. Iliporejea, Facebook ilibaki imefungwa.