Safari ya Umra kwa Ndege: Kutoka Kihagara na Visiwani Hadi Jeddah

Sifa zote njema anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Swahaba zake.

Ama baad. Tumeletewa swali na familia ya Pemba. Kijana wao ni mwalimu wa skuli Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, naye amekusudia kumpeleka mama yake Umra. Mama huyo ni mtu mzima na ameiwekea safari hii akiba kwa miaka. Mtu mmoja amemwambia atahirimia Jeddah. Mwengine amemwambia akifanya hivyo Umra yake ni batili. Kwa kuwa jambo hili linawagusa wengi, tumeona tulieleze kwa kufuata njia yenyewe ya safari, kwa madhehebu ya Imaam Shaafi'iy yanayofuatwa na wengi wetu visiwani.

1. Kutoka Kihagara

Kihagara iko Wilaya ya Nyasa, iliyokuwa sehemu ya Mbinga. Msafiri hupita barabara ya Mbinga hadi Songea, na hapo hupanda ndege ya kwenda Dar es Salaam au huendelea kwa basi. Kihagara hadi Songea ni zaidi ya masafa ya kupunguza Swala, ambayo wanachuoni wengi wa zama hizi wameyakadiria kilomita 81 na zaidi kidogo. Basi kijana huyu akishazipita nyumba za kijiji, anaruhusiwa kupunguza na kukusanya.

Qibla cha Kihagara ni kaskazini, kwa kuelemea mashariki kiasi cha nyuzi 9. Cha Unguja ni kaskazini, takriban moja kwa moja.

2. Kiwanja cha Unguja na cha Dar es Salaam

Mkaazi wa Mjini Unguja anayesubiri ndege katika kiwanja cha Abeid Amani Karume, Kisauni, bado hajatoka katika majengo ya mji wake, hivyo ataswali kamili. Aliyetoka Pemba ni msafiri, kwani baina ya Chake Chake na Mjini ni zaidi ya kilomita 100. Ila akinuia kukaa Unguja siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ataswali kamili. Hukmu ni hiyo hiyo kwa anayepitia kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam.

Nguo za ihraam ziwe katika mkoba wa mkononi. Wapo waliozitia katika sanduku linalokwenda chini ya ndege, na walipotangaziwa miqaat hawakuwa na la kuvaa. Pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo ichanjwe si chini ya siku kumi kabla ya kufika Saudia.

3. Njia za angani na miqaat zake

Unguja na Jeddah ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Masafa yake ni kiasi cha kilomita 3,100, na saa za pande zote mbili ni sawa. Lakini wengi hawaendi moja kwa moja. Hubadilisha ndege njiani. Na miqaat hufuata njia:

- Anayetokea kusini, moja kwa moja au kupitia Addis Ababa: atahirimia anapokuwa sambamba na Yalamlam, ndege ikiwa juu ya Bahari ya Sham.
- Anayepitia Muscat, Dubai au Doha na kuingia Jeddah kutokea mashariki: miqaat yake ni Qarn al-Manaazil, karibu na Taif.
- Anayeanzia Madina: atakwenda Madina bila ya ihraam, kisha atahirimia Dhul-Hulayfa (Abyaar 'Aliy) wakati wa kuelekea Makka.

Dalili ni Hadithi ya Ibn 'Abbaas iliyopokewa na al-Bukhaariy na Muslim, kwamba Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliziweka miqaat hizo kwa watu wake na kwa kila anayezipitia akikusudia Hijja au Umra.

Mwanamme avae nguo za ihraam nyumbani au kiwanjani, na nia aiweke miqaat inapotangazwa. Mwanamke atahirimu kwa nguo zake za kawaida za sitara, bila ya niqabu wala glavu. Anayekhofia kulala atangulize nia kidogo. Kutangulia kunafaa, kuchelewa ndiko kwenye dhima.

4. Swala na futari ndani ya ndege

Swala za kukusanywa zikusanywe kabla ya kupanda au baada ya kushuka, kadiri wakati unavyoruhusu. Alfajiri haikusanywi na nyengine. Ikiingia angani na ikakhofiwa kutoka, aombe nafasi ya kusimama. Katika njia ya kwenda kaskazini, pua ya ndege yenyewe imeelekea takriban Qibla. Asiyeweza kusimama au kuelekea ataswali alivyo kwa heshima ya wakati, kisha atairudia.

Aliyefunga asifuturu kwa saa ya Unguja hali ya kuwa jua analiona dirishani. Katika urefu wa mita 10,000, jua huchelewa kuzama kwa zaidi ya dakika kumi kuliko ardhini.

5. Kiwanja cha Jeddah

Kiwanja cha Mfalme Abdulaziz kilifunguliwa mwaka 1981, na jengo lake la mahujaji linajulikana kwa mapaa yake ya mahema meupe. Je, hapo ni miqaat? Wapo mafaqihi waliojuzisha kwa baadhi ya njia za bahari. Lakini Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, ilipitisha kwamba miqaat zinawalazimu pia wanaopita angani.

Aliyepita bila ya ihraam arudi miqaat kabla ya kuanza ibada yake. Asiporudi, akahirimia Jeddah, Umra yake inasihi, lakini analazimika kuchinja mbuzi au kondoo katika Haram na kuwagawia mafakiri wake.

Hivyo wote wawili waliomwambia mama hawakupatia. Jeddah si mahali pake pa kuhirimia, na aliyehirimia hapo Umra yake haibatiliki. Mwanawe amkalie karibu, na miqaat ikitangazwa amtamkishe: Labbayka Allaahumma 'umratan.

Na Allaah Anajua zaidi.