Wauza Majembe wa Ukingo wa Ziwa

Historia ya biashara katika Usukuma kwa kawaida huandikwa kwa kuanzia pamba, na pamba huanziwa kwa utawala wa Wajerumani. Lakini kabla ya pamba palikuwa na jembe, na jembe lilikuwa na wenyewe. Magharibi ya Mwanza, ng'ambo ya mkono wa ziwa, katika nchi ya Buzinza, walikaa Warongo, watu wa tanuri na mivukuto. Elimu ya kuyeyusha chuma ilikuwa mali ya jamaa. Ilirithiwa pamoja na dawa na miiko yake, na mtu aliyekuwa kazini tanurini alijitenga na mkewe mpaka chuma kitoke. Wasukuma walifunga safari wakiwa na mbuzi na nafaka kwenda kuwatafuta hao, wakarejea na majembe. Jembe moja lililima matuta. Mengi yaliyokusanywa yalihesabiwa katika mahari. Kwa hiyo mhunzi hakuuza chombo cha shamba peke yake, bali aliuza pia njia ya kupata mke. Sidhani kama yuko mfanyabiashara wa zana za kilimo aliyewahi kupata soko lililokaa imara kuliko hilo.

Soko hilo halikuvunjwa na uhodari wa kazi, kwa maana chuma cha Warongo hakikuwa kibaya. Lilivunjwa na bei. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, shehena ya Ulaya iliweza kutoka Mombasa hadi ukingo wa Nyanza bila kupanda bega la mpagazi, na kutoka Kisumu ikavushwa kwa meli hadi Mwanza. Jembe la kiwandani likashuka bandarini. Tanuri zikapoa moja baada ya moja, na leo ushahidi wake ni marundo ya mavi ya chuma yaliyofunikwa na majani.

Aliyesimama katikati ya mabadiliko hayo alikuwa mwenye duka, na duka pia lilikuwa la jamaa. Mfano ulio mashuhuri kupita yote ni Allidina Visram. Alitoka Kera, katika nchi ya Kachi, akafika Unguja mwaka 1863 akiwa bado mtoto. Alijifunza biashara Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, na Sewa Haji alipofariki mwaka 1897 yeye akaupanua mtandao wa maduka kuelekea bara, kisha akaifuata reli mpaka ziwani. Desturi yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda: palipo na mkulima, pawe na duka, na duka liuze kitambaa, chumvi na jembe, na kununua karanga, ufuta, ngozi na baadaye pamba. Alifariki mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul akafariki mwaka 1923, na nyumba ile kubwa ikaporomoka upesi, ikaacha jina lake katika skuli ya Mombasa. Hapo ndipo nguvu na udhaifu wa biashara ya jamaa vinapoonekana kwa pamoja: mkopo wote ulisimama juu ya jina la mtu, na mtu hufa.

Wenye maduka wadogo wa Jimbo la Ziwa hawakuandikiwa vitabu. Daftari zao ziliandikwa Kigujarati, na mwanahistoria asiyejua hati hiyo amezoea kuwahukumu kwa maneno ya maafisa na ya wakulima, wasiweze kujitetea. Hata hivyo malalamiko ya wakulima hayakuwa ya bure. Mtu yule yule aliyempa mkulima jembe kwa deni ndiye aliyeipima pamba yake, na mizani ilikuwa upande wake wa meza. Mkulima asiyejua kusoma mshale angetambuaje ratili zilizopotea?

Swali hilo ndilo lililomwinua Paul Bomani. Mwaka 1952 wakulima walianza kusimamisha mizani yao wenyewe, pamba ikapimwa kabla ya kufika kwa mnunuzi. Jambo hilo dogo likazaa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Mpaka mwisho wa miaka hiyo ya hamsini, ununuzi wa pamba ya jimbo zima ulikuwa umetoka mikononi mwa wenye maduka.

Lakini mizani ni nusu ya habari; nusu ya pili ni mbegu. Pamba ina tabia ambayo mahindi hayana: mkulima huuza mbegu yake pamoja na mazao. Mbegu hubaki katika kinu cha kuchambulia, na kutoka kinuni humrudia mkulima msimu ujao. Mwenye kinu, awe jamaa, chama au serikali, ndiye mwenye ghala ya mbegu. Kituo cha Ukiriguru kilipozaa aina mpya, kiliipanda kwanza katika eneo dogo, ikachambuliwa peke yake, ndipo ikasambazwa hatua kwa hatua, ikiifukuza ya zamani mbele yake. Utaratibu huo hudai uvumilivu na kinu kinachotii.

Vyama vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Na ununuzi ulipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, makampuni, mengine yakiwa ya jamaa, yakarudi sokoni kwa kishindo. Wanunuzi wakashindana kwa bei, na mkulima akafurahi kulipwa fedha taslimu. Ila lori lililofuata pamba popote ilipo halikujua mipaka ya mbegu. Pamba ya sehemu hii ilichambuliwa pamoja na ya sehemu ile, na aina zilizotengwa kwa taabu Ukiriguru zikaingia gunia moja.